Niko Bangkok, nirudi Dar au nisubiri hela yangu?

Kongo na Mkunguni: Wakuu shikamooni. Nimekuja kufunga mzigo wa nguo za watoto. Mji huu unachanganya: treni zinapita juu ya vichwa, chini foleni haisogei, bodaboda wenye vizibao vya rangi ya chungwa wanapanda hadi njia ya waenda kwa miguu, ila husikii mtu akifoka. Saa 12 jioni wimbo wa taifa ukipigwa kituoni wote wanasimama kimya, nami nasimama. Nimeupenda na umenichosha. Kila siku nashuka treni ya juu mlangoni Pratunam kumdai muuzaji wa jumla. Alinipa nguo zinazoachia mishono, baht 38,000 zangu anazo, kila nikienda ni "wiki ijayo". Usingizi sina. Nisubiri au nirudi?

Mtu wa Unguja: Umeshakula duriani? Hoteli nyingi huko wanabandika tangazo usiingie nalo. Mimi nilipoisikia harufu yake sokoni nikamkumbuka bibi yangu, nikasimama pale kama mjinga. Ukitaka chakula cha halali nenda Sukhumvit Soi 3, kwa Waarabu.

Mama Neema: Mdogo wangu, hela yote unatoa kabla hujafungua robota? Tamaa ya bei rahisi hiyo. Mimi Guangzhou nilikaa juu ya mzigo wangu, nikakagua pisi moja moja, wakaniita kichaa.

Bahasha: Viza yako inaisha lini?

Kongo na Mkunguni: Hilo si la msingi kaka, naomba ushauri wa hela.

Bahasha: Ndilo la msingi. Lini?

Kongo na Mkunguni: Iliisha siku 19 zilizopita. Msinishambulie. Hela ni ya vikoba, nikirudi mikono mitupu nitawaambia nini wenzangu? Nimepata kijana wa kugonga mhuri, wengi hapa ninapokaa wamepitia kwake na wapo salama. Anataka 12,000, nusu nimeshampa. Simwibii mtu, nadai haki yangu.

Mkata Mbuga: Chai hii. Pratunam hakuna treni ya juu mlangoni. Unashuka Chit Lom au Ratchathewi, unatembea. Huyu yupo Mbagala anatutungia.

Mama Neema: Kumbe! Nami nimeshaanza kumwombea. Weka picha.

Kongo na Mkunguni: Nashuka Ratchaprarop, treni ya uwanja wa ndege, halafu natembea. Siku nyingine napanda boti ya mfereji wa Saen Saep. Niliandika kwa haraka, nina hofu. Picha ya pasi siweki humu.

Mkata Mbuga: Ratchaprarop ni sawa. Lakini picha ya hizo nguo tu?

Bahasha: Iwe chai au kweli, kuna mtu anasoma yuko hali hiyo. Faini ni baht 500 kwa siku, haivuki 20,000. Siku 19 ni 9,500. Kijana anakutoza zaidi ya faini yenyewe! Ukijipeleka uwanjani ukalipa, chini ya siku 90 hufungiwi kurudi. Ukidakwa mtaani ni mahabusu ya uhamiaji, kisha miaka 5 huingii. Mhuri wa bandia ni jinai, hapo hatuongelei faini tena.

Kongo na Mkunguni: Na 6,000 niliyompa?

Bahasha: Imekwenda. Usimfuate, na pasi usimpe.

Mtu wa Unguja: Dada, pasi unayo mkononi?

Kongo na Mkunguni: Ninayo. Alisema nimpelekee kesho.

Mtu wa Unguja: Usiende. Nakuomba.

Kongo na Mkunguni: Kuna ndege Jumanne. Hiyo faini inalipwa kabla ya kukabidhi mizigo au baada?

Bahasha: Baada, ukifika uhamiaji. Waambie mwenyewe kabla hawajakuuliza. Beba taslimu, na uende mapema.