Naomba ushauri: nakula usiku hadi tumbo linauma

Habarini wanajamvi, wakubwa shikamooni. Niko Mtwara mjini, mwanamke miaka 34. Watu wakishalala naingia jikoni, ugali uliobaki, chapati, korosho bakuli zima, nakula haraka haraka wala sina njaa na kujizuia siwezi, baadae nabaki na aibu tu. Sijitapishi. Ilikuwa mara 3 kwa wiki, miezi mitano.

Nimesoma kwamba Uingereza mtu mzima mwenye shida kama hii wanaanza kumpa mwongozo ajisaidie mwenyewe, unaandika kila unachokula na ulivyojisikia, unakula kwa saa ulizopanga bila kuruka mlo, na kuna mtu wa kukufuatilia vikao vifupi kama dakika 20. Nina wiki ya 6 na daftari langu, imeshuka mpaka mara 1. Mwanzo nilikuwa nashinda njaa mchana ili nipungue, kumbe ndo nilikuwa najimaliza! Ila siku nikigombana na mume hata daftari silifungui.

Sasa wa kunifuatilia lazima awe mtaalamu, au dada yangu yuko Lindi anaweza kwa simu? Na korosho nisiweke kabisa ndani au ndo nitazidi kuzitamani? Maana huku msimu ukifika kila mtu anakuletea, utamkataaje.