Logibuku zinasainiwa kwa mkupuo, wanafunzi wa ukunga tunamaliza chuo mikono haijui kitu

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nipo mwaka wa mwisho, uuguzi na ukunga. Jina la chuo sitaliandika, na hospitali tunayofanyia mazoezi pia sitaitaja. Wa chuo chetu mtajijua.

Jumatano iliyopita mchana tuliitwa darasani wote wa mwaka wa mwisho. Mwalimu akaingia na kalamu, akasema kila mwenye mapengo kwenye logibuku aje mbele. Logibuku ni daftari unaloandika kila kazi uliyoifanya kwa vitendo, msimamizi anasaini. Tukapanga foleni, watu zaidi ya 100. Hakuuliza ulimzalisha nani, lini, wala nani alikusimamia. Ukifika unafungua ukurasa, anasaini kuanzia mstari wa kwanza wenye pengo mpaka wa mwisho, unaondoka, anakuja mwingine. Kwa saa moja na nusu karatasi zetu zikajaa akina mama ambao hawajawahi kuwepo duniani.

Mbele yangu walikuwa wamebaki watu wanne nilipotoka kwenye ile foleni. Nawaeleza kwa nini.

Mwezi mmoja kabla nilikuwa zamu ya usiku leba. Mkunga wa zamu mmoja, wanafunzi sita, vitanda vyote vina watu. Mama mmoja, mtoto wake wa nne, alijifungua vizuri. Alichomwa oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10 ndani ya dakika ile ya kwanza, kondo likatoka zima, kila kitu kilivyoandikwa. Kitanda cha pili kichwa cha mtoto kikawa kinatokeza, sista akakimbilia huko, akaniambia, "Mwangalie huyo."

Nikamwangalia. Baada ya muda damu ikalowanisha shuka, ikaanza kudondoka sakafuni.

Darasani swali hilo nilishalijibu mara nyingi. Sababu nne nazitaja hata ukiniamsha usingizini: mji wa mimba kulegea, kuchanika, kondo au vipande vyake kubaki ndani, damu kushindwa kuganda. Najua kwamba ikifika mililita 500 tayari ni hatari, na najua kwamba kukadiria kwa macho kunatudanganya, damu siku zote ni nyingi kuliko unavyodhani. Nikaweka mkono tumboni kwa yule mama, nikasugua kama kitabu kinavyosema. Sikujua ninachogusa! Sikuwahi kushika mji uliokaza wala uliolegea, kwa hiyo mkono wangu haukuwa na cha kulinganisha. Akanishika kiganja akaniuliza, "Nesi, hii damu ni ya kawaida?" Nilishindwa kumjibu. Nikapiga kelele kumwita sista.

Alikuja, akautoa mkono wangu mahali nilipouweka, akaupeleka juu, usawa wa kitovu na kidogo kulia. "Hapa. Ulikuwa unasugua kibofu. Mkojo umejaa, umeusukuma mji huku juu, hauwezi kukaza. Sikia ulivyo laini." Akapitisha katheta, yaani mpira wa kutoa mkojo, mkojo ukatoka mwingi sana. Akaagiza dripu ya oksitosini, akaniacha niendelee kusugua mkono wake ukiwa juu ya wangu, na nikausikia mji unakaza, unakuwa mgumu kama mpira uliojaa upepo. Haikufika hata dakika kumi. Miaka yote ya chuo haikunipa dakika hizo kumi, nimezipata kwa mama aliyekuwa anakaribia kufa.

Alipona. Alirudi nyumbani na mwanawe. Nashukuru Mungu kila nikikumbuka.

Asubuhi, nikisubiri kukabidhi zamu, nikafungua logibuku yangu kuangalia kitu kingine kabisa. Nikakuta mstari huu: "Kudhibiti damu nyingi baada ya kujifungua: anaweza bila kusaidiwa." Sahihi ya mkufunzi, mhuri wa idara, na tarehe ya wiki tatu nyuma. Siku hiyo ya tarehe naikumbuka vizuri. Tulikuwa watu zaidi ya 40 tumezunguka mdoli mmoja, walioshika ni wawili wa mbele, sisi wengine tuliona migongo ya wenzetu. Mwisho wa kipindi daftari zikakusanywa, zikarudi zimesainiwa.

Yule mama angekufa, karatasi ingesema alikuwa mikononi mwa mtu anayeweza bila kusaidiwa.

Sasa niambieni, hii ni elimu gani?

Nianze na idadi, maana mengine yote yanatoka hapo. Wanaotutangulia miaka michache wanasema darasa lao lilikuwa la watu 40. Sisi tuliingia mara tatu ya hao. Walimu ni walewale, vitanda vya leba hospitalini ni vilevile, ila sasa zamu moja inapelekwa wanafunzi kumi na kitu, na bado kuna wa vyuo vingine wanaogombania mama huyohuyo. Kila kichwa kinacholipa ada kinapokelewa. Hakuna aliyekaa akahesabu: hospitali hii inazalisha akina mama wangapi kwa mwezi, ukigawa kwa wanafunzi wote kila mmoja anapata wangapi? Hesabu ya kugawanya tu. Ingefanyika kabla ya kutoa barua za kujiunga, ile foleni ya Jumatano isingekuwepo.

Na anayeumia kwanza ni mama. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliye kwenye uchungu apimwe njia, yaani kwa vidole kuona imefunguka kiasi gani, kila baada ya saa 4. Mimi nimeona, na nimeshiriki, mama mmoja akipimwa na wanafunzi wanne mfululizo ndani ya nusu saa, ili kila mmoja apate mstari wake wa kujaza. Nne! Kila kidole kinachoingia kinabeba hatari ya maambukizi, tunafundishwa hivyo tangu mwaka wa kwanza. Daktari Semmelweis aliwaambia madaktari wa Vienna mwaka 1847 wanawe mikono kabla ya kuwagusa wazazi, yaani akina mama wanaojifungua, na vifo vya homa ya uzazi vikashuka. Sisi tunanawa, tunavaa glovu, halafu tunapanga foleni kwenye mwili wa mtu anayelia. Hakuulizwa kama anakubali. Alifunika uso na kanga yake. Mimi nilikuwa wa tatu, na nilipaswa kukataa, sikukataa.

Mkufunzi wa kliniki, yaani yule anayetakiwa kusimama na wewe kitandani akuelekeze mkono, kwetu anakuja mara moja kwa wiki. Anasaini mahudhurio, anauliza kama kuna utoro, anaondoka. Wakunga wa wodi ndio wanatufundisha wakipata nafasi, na wengi wao ni watu wazuri kweli, ila wana wagonjwa wao na hakuna anayewalipa kwa kufundisha. Kwa hiyo mwanafunzi anageuka mtu wa kutumwa. Peleka sampuli maabara. Fuata damu. Sukuma machela. Badilisha mashuka, pima presha wodi nzima. Sidharau kazi hizo, ni sehemu ya uuguzi na nimezifanya kwa moyo. Lakini kuna zamu nzima za leba nimemaliza bila kugusa tumbo la mjamzito hata mmoja, na kwenye mahudhurio inasomeka saa 12 za mazoezi ya ukunga.

Shirikisho la Kimataifa la Wakunga limeweka kiwango wazi: angalau nusu ya mafunzo ya ukunga iwe vitendo. Nusu. Ulaya sheria yao inataka mwanafunzi wa ukunga awe amezalisha kwa mikono yake akina mama 40, na pale ambapo wazazi hawatoshi inaweza kushuka mpaka 30, ila kwa sharti kwamba asaidie wengine 20. Yaani hata wao wanajua wazazi wanaweza wasitoshe, lakini wameziba hilo pengo kwa kazi nyingine ya kweli. Chuo chetu kinataka 20, na hao 20 hawafikiki, kwa hiyo pengo linazibwa kwa kalamu.

Wengine mtasema maabara ya ujuzi ipo, mfanye mazoezi huko. Ipo. Ina kufuli. Midoli ya kuzalishia ni miwili, mmoja mpira wake wa njia umepasuka tangu sijafika chuoni. Ambu za watoto wachanga, vile vifuko vya kuminya kumpa mtoto hewa, ziko kabatini, mpya, kwenye mifuko yake, na tunaambiwa zisiguswe zitaharibika. Nimeziona zikiwa mezani mara moja tu, siku wakaguzi walipokuja. Meza zilitandikwa, tukavalishwa sare zilizopigwa pasi, tukaelekezwa nani asimame wapi. Kesho yake kabati likafungwa.

Hapa naomba mtu asipite haraka. Mtoto akizaliwa hapumui, umemkausha, umemsugua mgongo, bado kimya, unatakiwa uwe umeanza kumpa hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Dakika 1. Barakoa ya ambu lazima ishike vizuri puani na mdomoni, kichwa kikae sawa, kisikunjwe wala kisivutwe sana nyuma, na kila ukiminya uone kifua kinapanda. Kifua kisipopanda hujafanya kitu, hewa inavuja pembeni. Hicho ni kitu cha vidole. Unakirudia mara 50 kwenye mdoli mpaka vidole vijue vyenyewe, ndiyo siku ikitokea husimami unatetemeka. Sasa mdoli na ambu vinafungiwa visichakae, ili vidole vya nani vijifunzie wapi? Kwa mtoto wa mtu?

Halafu hata hicho cha darasani kimechakaa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu, ambao uchungu mkali unahesabiwa kuanzia njia ikifika sentimita 5, na ile mistari miwili ya patografu, yaani chati ya zamani ya kufuatilia uchungu, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, haipo tena. Wodini karatasi ni hiyo mpya. Darasani tunachora patografu ya zamani, sentimita 4, sentimita moja kila saa, na mtihani umetoka humohumo. Nilimuuliza mwalimu kwa adabu kabisa, akanijibu, "Jibu ninachofundisha, ya wodini utayakuta wodini." Nimejibu sentimita 4 nikapata alama zangu. Zamu iliyofuata nikachekwa wodini kwa kuanza kuchora mapema.

Na msiniambie "mtajifunza kazini". Hiyo sentensi nimeisikia kwa walimu, kwa wazazi, hata kwa wenzangu. Ukiajiriwa unaweza kupangiwa kituo ambacho usiku uko peke yako na mhudumu wa usafi. Hakuna sista wa kuuhamisha mkono wako. Anayekuja usiku huo hajui kama wewe ni wa logibuku ya kweli au ya foleni, anaona sare nyeupe anapata matumaini.

Wala msiseme damu ni kudra, haizuiliki. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia mfuko wa plastiki wenye vipimo unaowekwa chini ya mama ili damu ipimwe badala ya kukisiwa, na ikionekana inazidi, hatua zote zinachukuliwa kwa pamoja: kusugua mji, oksitosini, asidi ya traneksamiki ambayo ni dawa ya kusaidia damu isiendelee kutoka, dripu, kutafuta chanzo. Matokeo mabaya yakihesabiwa kwa pamoja, yaani kutokwa damu nyingi sana, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa kutokwa damu, yalipungua kwa asilimia 60. Hakuna mashine ya ajabu hapo. Ni wauguzi na wakunga waliofundishwa wakajua cha kufanya na mikono ikafuata.

Najua wapo walimu wanaojituma. Nina mmoja ambaye alikuwa anatufungulia maabara jioni kwa siri, watu kumi kumi, mpaka akakatazwa. Kushona msamba nilijifunza kwake, kwenye kipande cha sponji. Hasira yangu haimhusu yeye.

Ninachotaka ni hiki. Maabara ifunguliwe kila siku mpaka usiku na mdoli uliopasuka ubadilishwe. Mkufunzi wa kliniki awe wodini kila zamu yenye wanafunzi, au wakunga wa wodi walipwe rasmi kwa kutufundisha. Idadi ya wanaopokelewa ifuate idadi ya wazazi. Na asiyefikisha aongezewe muda leba, hata miezi mitatu, hata kama mahafali yatampita. Mimi niko tayari mahafali yanipite.

Nimeandika barua kwa mkuu wa idara nikaomba nyongeza ya muda wa vitendo kwa wote wenye mapengo. Jibu lilikuja kwa mdomo, kupitia kiongozi wa darasa: nijaze kama wenzangu, nisiharibu jina la chuo. Wenzangu wengine wamenikasirikia, wanaogopa sahihi zao zitafutwa. Nawaelewa, wengi wameuza vitu vya nyumbani kulipa ada. Lakini sirudi kwenye foleni. Jumatatu nimeitwa kwenye kikao na nitaenda na logibuku yangu ilivyo.

Mliopitia vyuo hivi, mliopo kazini, wakufunzi mlioko humu, naomba kitu kimoja tu, bila kutaja chuo. Andikeni hapa chini mlizalisha wangapi kwa mikono yenu kabla ya kupewa cheti. Namba ya kweli, siyo ya kwenye logibuku.

Naanza mimi: 11.