Je, uchujaji pekee unatosha kueleza hali ya figo, au mirija nayo ipimwe?

Swali
Habari zenu. Ninahudumia wagonjwa wenye ugonjwa sugu wa figo. Wawili kati yao wana makadirio yaleyale ya uchujaji kutokana na kreatinini (taka ya misuli inayopimwa katika damu), yaani mililita 35 kwa dakika, lakini mmoja potasiamu yake hupanda mara kwa mara na damu yake ina asidi nyingi, ilhali mwenzake hana tatizo hilo. Je, kazi ya mirija midogo ya figo inaweza kupimwa yenyewe?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, umegusa jambo ambalo kwa maoni yangu tumelipuuza mno. Katika figo zenye afya, vichujio hupitisha takribani lita 180 kwa siku na mirija hurudisha asilimia 99 hivi ya maji hayo. Pamoja na hilo, mirija husukuma kwenye mkojo dawa na taka zilizoshikamana na albumini (protini kuu ya damu), ambazo kwa sehemu kubwa hazipenyi kwenye kichujio. Njia ya zamani ni kumtundikia mgonjwa dripu ya para-aminohipureti, ambayo figo huiondoa kwa takribani asilimia 90 damu inapopita mara moja tu, lakini kliniki ya kawaida haiwezi kuifanya kila siku. Njia nyepesi ni kupima taka ambazo mwili wenyewe huwa nazo, kama hipureti na indoksili salfeti, katika damu na katika mkojo uliokusanywa kwa muda maalumu: kiasi kinachozidi kile ambacho kichujio kingepitisha ni kazi ya mirija. Hata kreatinini husukumwa kidogo na mirija, ndiyo maana antibiotiki ya trimetoprimu, inayozuia msukumo huo, huipandisha katika damu ingawa uchujaji haujashuka.

Jibu la pili
Naongeza kutoka maabara. Alfa-1 mikroglobulini, protini ndogo ya damu, ikiwa nyingi kwenye mkojo, mirija ya mwanzo imeshindwa kufyonza protini ndogo. Naipendelea kuliko protini nyingine ndogo, beta-2 mikroglobulini, ambayo huharibika katika mkojo wenye asidi. Mkojo wa saa 24 usiokusanywa wote huharibu hesabu, kwa hiyo mweleze mgonjwa taratibu, na umwombe arudie maelezo kwa maneno yake.

Jibu la tatu
Kwa mgonjwa wako mwenye potasiamu na asidi nyingi, vipimo hivyo vya hali ya juu vinaweza kusubiri. Pima bikaboneti ya damu (kemikali inayopunguza asidi) na kiwango cha asidi katika mkojo (pH), kisha uangalie kama ana kisukari na dawa anazotumia, kwa sababu kisukari hudhoofisha homoni ya aldosteroni inayoiagiza mirija ya mwisho kutoa potasiamu na asidi, na baadhi ya dawa huzuia kazi hiyohiyo.

Muulizaji
Nashukuruni sana. Jalada lake linaonyesha kisukari cha miaka mingi, spironolaktoni (dawa inayozuia aldosteroni), na trimetoprimu aliyoandikiwa hivi karibuni kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Nampigia daktari wake sasa hivi.