Hiace ya 1996 paa limeliwa na kutu kwenye mfereji wa maji ya mvua wa ukingoni, bado naokoa hapa au ndo basi?

Mwambao_Tanga

Wakuu habari za saizi. Nina Hiace umbo la zamani ya mwaka 1996, dizeli, huu mwaka wa saba nipo nayo na ndo inayolisha nyumba, asubuhi inabeba watoto wa shule mchana inapiga mizigo ya Pangani. Injini sina neno nayo, gia safi. Shida ni paa. Ilianza vidoti vya kahawia pale miguu ya keria inapokaa, nikavipulizia rangi ya kopo nikaendelea na kazi, sasa masika hii mvua ikinyesha maji yanadondoka kwa ndani juu ya mlango wa pembeni. Juzi kuna mtoto kashuka shuleni bega zima la sweta limelowa na yale maji yana rangi ya chai ya rangi, nilijisikia vibaya sana.

Nimepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza anasema nimpe siku moja anapiga pati (ule udongo wa kujazia mashimo ya bati) na rangi. Wa pili anasema tukate paa lote tutafute la gari iliyokufa. Wa tatu anasema nipake lami kwenye mfereji maji yatakoma leo leo. Bei zao hata hazifanani. Naombeni aliyewahi kupitia hili aniambie ukweli, nianzie wapi, na nikishatengeneza nifanye nini isirudi maana mimi naishi karibu na bahari na siwezi kuhama.

FundiBodi_Gerezani

Mkuu pole. Nipo kwenye kazi ya bodi za magari muda mrefu na nakuambia hivi, hao mafundi watatu wote wamekupa jibu kabla ya kuangalia. Hakuna mtu anaweza kukupa bei ya kutu ya paa akiwa amesimama nje. Fungua silingi kwanza, ile dari ya ndani. Hiyo gari silingi inatoka, ni klipu na zile fremu za pembeni, toa taratibu klipu zimezeeka zinavunjika, halafu ingia na tochi uangalie bati kwa chini.

Sababu ni hii. Mfereji wa hizo Hiace ni bati mbili zimekutana na kushikwa kwa nukta za weldi, juu ya maungio kiwandani walipaka silanti, gundi ya kuziba maji. Miaka inaenda, jua linaikausha silanti, inapasuka nyufa nyembamba kama unywele na maji yanapenya katikati ya bati mbili ambako rangi haijawahi kufika. Hapo yanakaa. Kwa hiyo kutu inaanzia katikati inakula kuja nje, ukishaona rangi imevimba malengelenge juu ujue ndani ilishakula siku nyingi. Na kwa mtu wa mwambao chumvi inazidisha, chumvi inavuta unyevu hata kusiponyesha, yaani pale kwenye maungio hapakauki kabisa.

Ukishafungua, chukua bisibisi bapa, gonga na mpini kidogo kidogo kuzunguka mfereji wote. Bati zima linalia, lililooza linatoa sauti ya bubu. Palipo bubu sukuma na ncha, ikipita hapo ni kukata. Pita pia na sumaku maana gari ya umri huo inawezekana ilishapigwa pati na mtu kabla yako, sumaku ikikataa kushika au ikishika kwa uvivu hapo kuna pati nene au faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi). (Na kama ni ile ya paa refu, nyingi kipande cha juu ni faiba toka kiwandani, hapo sumaku isikutishe.)

Palipo na kutu ya juu juu tu: grenda na brashi ya waya, halafu msasa namba 80 mpaka bati ling'ae, fuata na 180, kingo za rangi ya zamani zishushe na 320 usisikie ngazi ukipitisha kidole. Vishimo vilivyobaki na weusi weka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, iache ifanye kazi kama kopo linavyosema, suuza, kausha kabisa. Futa na thina kwa kitambaa safi. Halafu praima ya epoksi, rangi ya kwanza ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), upake mara mbili. Pati inakuja JUU ya epoksi, nyembamba. Mafundi wengi wanabandika pati kwenye bati tupu, na pati inanyonya maji kama sponji, ndo maana baada ya masika moja inavimba na kubanduka na kutu yake.

Kitu kimoja cha huko kwenu: usikubali bati tupu lilale. Kazi ya kukwangua ianze asubuhi, jioni praima iwe imeshapigwa. Bati lililong'aa likilala usiku mmoja pwani asubuhi utalikuta limeshapata wekundu, na fundi mvivu anapiga praima juu yake hivyo hivyo.

Likoni_Mtu

Ndugu yangu mimi nilikuwa na Nissan Caravan ya abiria hapa Mombasa na nimefanya makosa yote unayotaka kufanya, kwa hivyo sikiza.

Kwanza lami usiguse. Nilipaka, maji yalikata kama miezi miwili hivi, lakini yale yalokuwa ndani yalifungiwa humo humo na kutu ikaendelea kula chini ya lami mie sioni. Nilipotaka kutengeneza sawasawa mafundi wakakataa gari, lami ikipata moto wa kuchomelea inashika moto na moshi wake mbaya, na rangi haishiki kamwe palipopita lami. Nilikwangua na mafuta ya taa siku tatu.

Pili ni ile silikoni ya madirisha, ile inanuka siki. Harufu ile ni asidi. Ukiipaka kwenye bati lililo wazi inaanza kulila, na hata ukiitoa, mafuta yake yanabakia, rangi ikipulizwa inafanya vijicho kama vya samaki. Itisha silanti ya bodi, ile ya poliyurethani, hiyo yapakwa rangi juu na hainuki siki.

Ya tatu ndio iliniuma zaidi. Jamaa alikata pale palipooza vizuri tu, akanipachika kipande cha mabati ya nyumba akakipiga ribiti. Mabati ya nyumba geji 30 ni kama milimita 0.3, gari yataka kama 0.8. Ilikuwa ikipiga kelele barabarani na kila tundu la ribiti likaanza kutoa kutu lake. Tena mabati yale yana zinki, fundi akiyachomelea na kuvuta ule moshi usiku anatetemeka homa. Mwambie fundi kipande kikatwe kwenye paa au boneti ya gari iliyokufa, bati la unene sawa, nawe ukione kabla hajakiweka.

FundiBodi_Gerezani

Huyu wa Likoni kasema kweli tupu. Naongeza kwenye kuchomelea. Tafuta mwenye mashine ya MIG, ile ya umeme inayotoa waya wenyewe, sio ya moto wa gesi. Gesi inapasha eneo kubwa na paa ni bati pana, likipata moto linapiga mawimbi na hutalinyoosha tena, ndo hapo mtu anajaza pati kilo mbili kuficha. MIG anapiga nukta moja huku anaruka anapiga kule, anasubiri ipoe, anarudi kati. Ni kazi ya subira. Kabla hajawasha silingi yote iwe nje pamoja na sponji, viti vifunikwe na matambara yaliyolowa, nyaya zisogezwe, waya wa hasi wa betri uchomolewe, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu sio stoo.

Na hapa ndo wengi wanakosea: weldi ikishaisha rangi ya upande wa ndani imeungua, usirudishe silingi. Paka epoksi kwa ndani kwa brashi, ikikauka puliza nta ya kulinda bodi kwenye maungio yote. Usipofanya hivyo kutu mpya inaanza kwa ndani siku ile ile. Oili chafu watu wanapenda kuipaka, kwenye paa usithubutu, joto la mchana linaidondosha kwenye vichwa vya hao watoto.

Mkunazini_Dada

Kaka Mwambao, mimi niko Unguja, gari yangu inalala hatua chache na bahari na ni ya zamani kama yako, paa zima mpaka leo. Sijui kuchomelea ila nakwambia ninavyoitunza.

Kila Ijumaa naiosha kwa maji matamu, naanza na paa, na mfereji naupitisha mswaki wa zamani. Utashangaa kinachotoka humo: mchanga, majani ya muarobaini, udongo mweusi. Uchafu ule unashika maji kama tambara bichi. Ikitokea nimepaki ufukweni siku ya upepo sisubiri Ijumaa. Kisha naiacha milango wazi nusu saa ikauke na ndani, maana watu wakipumua humo usiku wa mvua mvuke unagandia chini ya bati nao unakula.

Turubai la nailoni nililiacha. Upepo unalisugua kwenye rangi na chini yake ni jasho tupu. Bora kibanda cha makuti, gari inapata hewa. Na kila miezi mitatu minne napaka nta ya gari juu ya paa, kwa sababu paa ndilo linalopigwa jua na ndilo hakuna anayelitazama.

Keria ukiirudisha weka mpira chini ya kila mguu, mpira wa tairi ya ndani unafaa, na uwe unaufungua mara mbili kwa mwaka uone pamekuwaje.

Mwambao_Tanga

Wakuu nawashukuru sana, jana Jumapili sikwenda popote nikatoa silingi. Nimeng'oa klipu 14 zimevunjika 5. Juu ya silingi kulikuwa na sponji imebandikwa kwenye bati, nilipoiminya ilitoa maji kama kitambaa cha kudekia na mvua ilikata toka Alhamisi. Nikaibandua yote. Upande wa kulia bati safi, rangi ya kiwandani bado ipo. Kushoto juu ya mlango kuna urefu kama mkono wangu toka kiwiko mpaka vidole, pale bisibisi inapita, matundu nimehesabu manne na moja naona mbingu. Miguu ya keria ni kutu ya juu tu, imekwanguka na msasa mpaka bati likaonekana.

Kwa hiyo paa lote halikatwi. FundiBodi naomba uniambie, mfereji wenyewe hapo palipooza naweza kupachika kipande bapa tu nikaacha mfereji au lazima nitengeneze mkunjo? Na hiyo sponji naweka nyingine?

FundiBodi_Gerezani

Hiyo gari ni nzima mkuu, mkono mmoja ni kazi ndogo. Mkunjo lazima. Ukiacha mfereji maji ya paa zima yanamwagikia kwenye reli ya mlango na utaanza kulia kutu ya mlango. Kakate kipande chenye mfereji wake kwenye Hiace iliyokufa, uache ziada ya vidole viwili kila upande, fundi atapunguza mwenyewe. Mwambie asipandishe bati juu ya bati, vikutane kingo kwa kingo, likipanda juu unatengeneza mfuko mwingine wa maji. Silanti ipite mfereji wote pande zote mbili, hata huo wa kulia uliopona, ile ya zamani ikwanguliwe.

Sponji usirudishe. Joto likiwasumbua watoto paa lipigwe rangi nyeupe, hilo linatosha sana.

Mwambao_Tanga

Sawa mkuu. Kuna mzee hapa Chumbageni ana ganda la Hiace uani limekaa juu ya mawe, kesho asubuhi naenda na sumaku na bisibisi kuukagua mfereji wake wa kushoto. Watoto nimewatafutia gari ya jirani wiki hii.