Sahani ikivunjika mnalipa, kamera ya mtu ikizama baharini mnasema "Mungu atakupa nyingine"!

Wakuu, habari za kazi. Leo msinishauri nitulie. Nimeshatulia siku nne na haijasaidia.

Mimi ni mpigapicha. Harusi, sendofu, ubarikio, mahafali, ukiniita nakuja. Jumamosi iliyopita nilikuwa na harusi: kanisani asubuhi, ukumbini usiku, na hapo katikati maharusi wakataka picha za ufukweni, Kigamboni. Kazi ya kawaida tu. Nilikuwa na kamera mbili. Moja ya mkononi, na nyingine, Canon 5D Mark III ya mtumba yenye lenzi ya 24-70, nimeisimamisha kwenye stendi inarekodi video. Hiyo ya kwenye stendi, bodi (yaani kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi yake, ilinitoka milioni 4 na laki 3, na lenzi bado naimalizia mkopo wa kikoba. Mkopo huo utaisha Desemba. Lenzi imeisha Jumamosi.

Nilimwandikia bwana harusi tangu Jumatano, meseji ninayo: "Kaka, kesho mwezi unapevuka, Jumamosi itakuwa bamvua. Saa 10 jioni maji yatakuwa yamejaa kabisa. Njooni saa 8, tupige tukiwa na mchanga, tuondoke." Akanijibu kwa dole gumba. Mtoto yeyote wa pwani anajua hili halihitaji shule: siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji ya Dar yanajaa alasiri ya saa kumi na kitu, yanapwa saa nne usiku, na kati ya kujaa na kupwa kuna zaidi ya mita 3 za maji. Siyo maji ya kuchezea.

Wametokea saa 10:25. Sababu? Nyusi za bibi harusi zilifutwa zikachorwa upya.

Ufukwe haupo. Maji yako kwenye mizizi ya mivinje, kimebaki kipande cha mchanga cha kutandika labda mikeka mitatu. Nikasema turudi juu kwenye nyasi, kuna mwanga mzuri. Wapi! Bibi harusi anataka shela ipepee na mawimbi yaonekane nyuma. Haya. Nikaiegemeza stendi kwenye shina la mvinje, nikafungua miguu yote mitatu, nikaning'iniza begi zito chini yake ili upepo usiiyumbishe, nikabonyeza kurekodi. Nikageuka kuwapiga maharusi kwa kamera ya mkononi.

Sasa kuna binamu wa bwana harusi. Suti ya bluu, miwani ya jua, simu mkononi, anarekodi kwa ajili ya status. Stendi yangu ikawa inamharibia mandhari. Kijana huyu hakuniuliza. Akatoa begi, akaiweka chini. Akaishika kamera kwa lenzi, jamani, KWA LENZI, kama mtu anayeshika shingo ya kuku, akaihamishia mbele hatua nne hivi, akaichomeka kwenye mchanga mbichi mguu mmoja ukiwa haujafunguka vizuri. Akarudi zake kwenye status.

Wimbi la kwanza likapita chini ya miguu ya stendi bila shida. Ndivyo bahari inavyodanganya. Wimbi likirudi linavuta mchanga chini ya kila mguu, na kitu kinabaki kimesimama kwenye shimo. La pili likaichukua. Mimi nilisikia tu bibi harusi anasema "Yesu!", nikageuka, naona mguu mmoja wa stendi umeelekea mbinguni.

Nimekimbia. Lakini binamu alikuwa karibu, akafika kwanza, akaitoa majini na kuipangusa kwa tai yake. Kisha akafanya lile ambalo halifanywi kabisa: akaanza kuzungusha swichi. Zima, washa, zima, washa, "naangalia kama ni nzima bro". Wakuu, hata kama hamkusoma kitu kingine humu, someni hili. Kamera ikiingia maji ya chumvi, toa betri, toa kadi, usiiwashe hata kama unakufa kwa hamu, na usizungushe lenzi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme. Betri ikiwa ndani, umeme unapita pasipotakiwa na shaba ya saketi inaanza kuliwa palepale, haingoji kesho. Na yale mambo ya "hii kamera haiingii maji" tuyaache. Imewekewa mipira ya kuzuia vumbi na manyunyu pembeni ya vitufe na milango, basi. Haikutengenezwa kuogelea.

Ukumbini mama mkubwa mmoja akanionea huruma, akaniletea sufuria ya mchele kutoka jikoni. "Weka humu mwanangu, simu yangu ilipona hivi hivi." Nakiri mbele yenu: niliweka. Najua kabisa mchele hautoi chumvi, unachoingiza ni vumbi lake tu kwenye matundu, lakini mtu ukiwa umefiwa unakubali hata maji ya baraka. Nimefanya kazi hadi saa 7 usiku kwa kamera moja, natabasamu, nasema "shangazi sogea kidogo kushoto", huku nyingine imelala kwenye mchele kama maiti.

Jumatatu asubuhi nikawa kwa fundi Kariakoo. Ni mzee wa maneno machache. Alianza na lenzi. Akaizungusha polepole karibu na sikio langu, halafu akaniangalia. Kulikuwa na mlio kama wa mtu anayesaga mtama kwenye jiwe. Akafungua bodi. Kwenye pembe za saketi kuu kuna ukoko mweupe wa chumvi, na miguu ya vidude vile vidogo imeshaota kijani. Siku mbili tu! Akachukua mswaki na spiriti, akasugua sehemu moja, kipande cha waya kikatoka na mswaki. Akaweka mswaki chini. "Hapa mdogo wangu tunauza vioo." Yaani lenzi nimwachie ya vipuri, laki 2 na nusu.

Nikawapigia kamati. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, wala siyo kwenye wimbi.

Usiku uleule ukumbini zilivunjika sahani 14 na kiti kimoja kiling'oka mguu. Nilikuwepo wakati mwenye vyombo anahesabu. Anahesabu kwa sauti, mweka hazina wa kamati amesimama pembeni na bahasha, anatoa hela palepale. Hakuna aliyemwambia mwenye sahani "Mungu atakupa nyingine". Hakuna aliyemuuliza "kwani huna sahani za akiba?" Kitambaa kimoja cha meza kiliungua na mshumaa, kikalipwa. Mambo ya kawaida, kila mtu anajua: chombo cha kukodi kikiharibikia kwako, unalipa.

Mimi mwenyekiti wa kamati ananiambia hivi, nanukuu: "Kijana, hiyo ni ajali kazini. Si mnachaji bei kubwa kwa ajili ya mambo kama hayo?" Bei kubwa! Laki 8 siku nzima, na msaidizi namlipa mimi, na pantoni nalipa mimi. Halafu akaongeza kwamba mabaki yangu ya laki 3 wanayashikilia kwanza, KWA SABABU VIDEO YA UFUKWENI HAIPO. Nikamwomba arudie, nikidhani nimesikia vibaya. Akarudia.

Bwana harusi yeye yuko fungate Zanzibar, anasema nimwachie arudi. Binamu amenifungia namba.

Kuna watakaosema kosa ni langu, hukuwa na mkataba. Kweli, sikuwa na mkataba wa maandishi. Tuliandikiana WhatsApp, advansi ikatumwa kwa simu, basi. Nalimeza hilo. Lakini mwenye sahani naye hakuwa na mkataba. Ana nini ambacho mimi sina? Nimelifikiria hili siku nne. Nadhani ni kwamba sahani watu wanaijua bei yake. Kamera wanaiona kama sehemu ya mwili wangu, mdomo wa MC vile, kitu kinachokuja bure na mwenyewe. Ndiyo maana mtoto anashika kioo cha lenzi na vidole vya pilau mama yake anacheka. Ndiyo maana wanakupulizia yale mapovu ya kopo usoni kwenye lenzi wakati wa kukata keki, mapovu yakikauka yanaganda kama gundi. Ndiyo maana kila mjomba anataka aivae shingoni apigwe picha nayo.

Na wenye hela ndiyo wabaya zaidi. Septemba 1, 2016 jua lilipopatwa, watu tukajazana Rujewa kule Mbarali kuiona ile pete. Nilimwazima bosi mmoja kamera yangu ya zamani na lenzi ndefu, nikamwambia bila kichujio usiielekeze juani. Akanijibu "najua, najua". Akawasha kioo cha nyuma aone vizuri, maana yake pazia la ndani liko wazi na jua lote linamwagika kwenye sensa (siyo ile ya kuhesabiwa 2022, ile ya ndani ya kamera), akakaa nalo hivyo anasubiri pete ikamilike. Kama umewahi kuunguza karatasi kwa kioo cha kukuzia ukiwa mtoto, umeelewa. Kamera ile mpaka leo kila picha ina alama palepale, juu kulia. Bosi aliniambia labda ni vumbi.

Vumbi nalo! Kuna dogo alinikodi lenzi ya milimita 70-200 akaenda nayo Serengeti mwezi wa saba, kiangazi, gari paa wazi. Akawa anabadilisha lenzi humohumo gari likikimbia, tundu la bodi linaangalia juu kama kinywa cha ndege anayesubiri kulishwa. Alivyoirudisha ikawa inakwaruza kila ukivuta. Anasema "ilikuwa hivyo hivyo kaka". Huyo nilimsamehe kwa sababu alikuwa anaanza. Nimejuta.

Sisi wenyewe tulikuwa na ujanja wetu. Zamani mvua ikikukuta nje unaingiza kamera kwenye rambo, unatoboa tundu la lenzi, unaendelea. Tangu rambo zipigwe marufuku Juni 1, 2019 sisi ndio tulioumia kimyakimya, ingawa kwa mazingira naelewa. Siku hizi natembea na kofia ya kuogea ya hotelini. Lakini hakuna kofia ya kuzuia binamu.

Sasa niwaambie kitu ambacho kamati hawakijui.

Ile kadi niliitoa kamera ikiwa bado inachuruzika, kabla ya mchele. Kadi ni ngumu kuliko mnavyodhani, haina kinachozunguka ndani. Nikaisuuza kwa maji yasiyo na chumvi, nikaipangusa, nikaiacha ikauke siku mbili. Jana usiku nikaichomeka. Picha zote zipo. Faili la mwisho la video halikufunguka, maana kamera ilikufa katikati ya kurekodi na faili halikufungwa. Nikatafuta programu ya kurekebisha, nikaipa faili jingine zima la kamera hiyohiyo liwe mfano, nikakaa nayo mpaka alfajiri. Imefunguka.

Dakika 3 na sekunde 12. Maharusi wanacheka, shela inapepea, mwanga wa jioni mtamu ajabu, video bora kuliko zote nilizopiga mwaka huu. Dakika ya pili na nusu hivi kinatokea kiganja. Saa ya dhahabu, mkono wa suti ya bluu. Kiganja kinafunika lenzi nzima, giza, mtikisiko, halafu ufukwe kutoka mahali pengine kabisa, upande umelala. Sauti inasikika vizuri: "Huyu naye kaweka midude yake hapa." Wimbi. Wimbi. Halafu anga, halafu mapovu.

Nimeiweka kwenye flashi mbili, moja iko kwa mama yangu.

Leo saa 4 asubuhi bwana harusi kaniandikia kutoka Zanzibar: "Kaka za ufukweni zimefikia wapi? Bibi anaziulizia sana." Sijajibu. Kamati ina kikao cha kuvunja kamati Jumapili hii, nyama choma na hesabu za mwisho, na kwa kawaida mpigapicha hualikwa aje kuonyesha video kwenye projekta.

Wenye uzoefu na mahakama ya mwanzo kwa madai ya namna hii nielekezeni taratibu. Na kama kuna mtu ana saketi kuu ya 5D Mark III kwenye kamera iliyokufa kwa sababu nyingine, anitafute PM. Matusi kwa binamu yanaruhusiwa.