Themostati za waifai, BACnet au kujijengea mwenyewe: akili ya jengo ikae wapi?

Msimamizi_Ghorofa4
Wakuu salaam. Naomba mnichambulie jambo kabla sijatia saini. Nasimamia jengo la ofisi la ghorofa nne. Juu ya paa kuna chila (mtambo wa kupoza maji), chini kuna boila (ya kupasha maji), na maji ya baridi au ya moto yanapelekwa kwenye feni koili za vyumbani, yaani feni zinazopuliza hewa kwenye mabomba ya maji hayo. Vyumba vitano vya pembeni vina viyoyozi vyao vya ukutani. Mlinzi ndiye anayewasha asubuhi na kuzima jioni. Akisahau, mitambo inakesha ikipoza viti.

Wenye jengo wanataka yote yaongozwe kwa intaneti. Mezani kuna njia tatu:
1. Themostati za waifai (vifaa vya ukutani vya kuongoza joto) kila chumba, zinazoendeshwa na seva za mtengenezaji.
2. Vidhibiti vya waya vya BACnet (lugha ya pamoja ya mitambo ya majengo), na kompyuta moja ya usimamizi ndani ya jengo.
3. Kijana wetu wa kompyuta anasema atajenga mwenyewe kwa sensa, MQTT (njia ya vifaa kutumiana ujumbe) na seva ndogo.

Kila muuzaji anasifia chake. Nataka kumsikia aliyeishi na mojawapo, si aliyesoma kipeperushi.

FundiKompresa
Mkuu, mimi nashika spana, kwa hiyo nasema ninachokijua. Umeme hauokolewi na simu. Unaokolewa kwa mambo ya kizamani: kuzima pasipo na watu, kuacha nafasi kati ya kiwango cha kupasha na cha kupoza, na kupunguza mwendo wa feni na pampu. Feni ikishushwa hadi asilimia 80 ya mwendo wake, umeme inaokula unakaribia nusu, maana ni 0.8 × 0.8 × 0.8, sawa na 0.512. Kama mota haina kifaa cha kubadili mwendo, programu yoyote ya simu ni pambo.

Na hiyo nafasi usiidharau. Acha upashaji ukome nyuzi 20, upozaji uanze nyuzi 24. Niliwahi kuitwa kwenye jengo ambako vyote viwili vimewekwa 22. Chumba kimoja kinapashwa, cha jirani kinapozwa, ukuta uko katikati, na watu wanashangaa bili.

Namba 1 ina kasoro hii: themostati inajua chumba chake tu. Vyumba vyote vikisharidhika, hakuna wa kuiambia chila ipumzike.

Njiwa_wa_Waifai
Mnamtisha bure. Nina vyumba sita, themostati za namba 1, mwaka wa nne huu. Ratiba naibadilisha nikiwa kitandani, na dirisha likiachwa wazi napata taarifa. Sikuchimba ukuta hata mmoja. Kwa vile viyoyozi vitano vya pembeni sioni sababu ya kumuuzia BACnet.

Kebo_Bluu
Njiwa, kwa vyumba sita nakubali. Lakini umri umeuhesabu? Chila inaishi miaka ishirini au zaidi. Themostati za kwanza za Nest, ambayo sasa ni ya Google, ziliingia sokoni 2011, na tarehe 25 Oktoba 2025 Google ilikata huduma ya intaneti kwa toleo la kwanza na la pili. Ukutani bado zinawasha na kuzima, ila ukizitafuta kwenye simu hazipo. Hapo mtengenezaji hajafilisika wala hajagombana na mtu. Amesonga mbele tu.

Sasa msidhani namba 2 ni malaika. BACnet ilichapishwa kama kiwango cha ASHRAE, chama cha wahandisi wa kupasha na kupoza cha Marekani, mwaka 1995, wakati mitambo ya jengo ilikuwa inazungumza yenyewe kwa yenyewe. BACnet/IP ya kawaida haina desturi ya kuuliza nenosiri: anayefika kwenye mlango wake wa mtandao, UDP 47808, anaweza kusoma joto la chumba, na mara nyingi kulibadilisha pia. Modbus, lugha nyingine ya mitambo ya 1979, ni hivyo hivyo. Kuna BACnet/SC iliyoongezwa 2019, inayosimba mawasiliano kwa TLS (usimbaji ule ule wa tovuti salama) na kudai vyeti vya kidijitali. Muulize muuzaji kama anayo. Akianza kukohoa, basi mtandao wa mitambo utenge kabisa na wa ofisi, na wa nje waingie kwa VPN (njia ya mtandao iliyofungwa) tu.

Si hofu ya kubuni. Wizi wa data za kadi takriban milioni 40 za wateja wa Target, maduka ya Marekani, mwaka 2013 ulianzia kwenye nenosiri la mkandarasi wa majokofu na viyoyozi. Na 2016 huko Lappeenranta, Ufini, majengo mawili yalikosa joto kwa sababu vidhibiti vyake, vilivyokuwa wazi kwenye intaneti, vilizidiwa na shambulio vikawa vinajizima na kujiwasha mfululizo. Hakuna aliyegusa boila.

Msimamizi_Ghorofa4
Hilo la Ufini limeniamsha. Kwa hiyo intaneti ikikatika saa nane mchana, namba 2 inaendelea?

Kebo_Bluu
Inaendelea, mradi ratiba na hesabu zimehifadhiwa ndani ya kidhibiti chenyewe. Andika hilo kwenye mkataba, halafu siku ya makabidhiano chomoa waya wa ruta mbele yao, kaa nao saa mbili.

Dada_Seva
Nilijenga namba 3, kwa hiyo kijana wenu nisingemvunja moyo. MQTT ilibuniwa 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yanayowasiliana kwa setilaiti, ndiyo maana ni nyepesi na inavumilia mtandao mbovu. Ila inabeba ujumbe tu. Haikwambii kama 21 ni joto la chumba au la maji, wala nani ana haki ya kumpinga nani. Nilijikuta nabuni mwenyewe kitu ambacho BACnet inacho tayari: ngazi 16 za kipaumbele, ya 1 ikiwa na nguvu kuliko zote. Amri ya mkono ya mwendeshaji hukaa ngazi ya 8, ratiba ya kawaida huwekwa chini, hata 16.

Nayo ina mtego wake. Kazini kwetu sasa tuna BACnet, na kuna fundi aliiwasha feni kwa mkono ngazi ya 8 ili aijaribu, akaondoka. Ratiba ikawa inaizima kila jioni, na feni haisikii. Tuligundua baada ya wiki saba. Siku hizi kila Ijumaa natoa orodha ya amri za mkono zilizosahaulika.

Ushauri wangu: kijana apewe sensa na michoro ya matumizi. Kuendesha boila asipewe. Akihama, nani atausoma msimbo wa programu yake?

FundiKompresa
Dada kasema kweli. Kuhusu vile vitano vya ukutani, jihadhari na visanduku vinavyoiga rimoti. Vinapiga mwanga wa infraredi na kuamini vimesikika, kiyoyozi hakijibu. Mtu akishika rimoti halisi, kisanduku kinabaki kinasema "imezimwa". Uliza kama mtengenezaji wa viyoyozi ana kadi ya Modbus, uvivute kwenye mfumo mmoja.

Halafu, mkuu, hujasema: vali za feni koili ni za aina gani?

Msimamizi_Ghorofa4
Nimependa hivi: namba 2 kwa chila, boila na feni koili, waya wa ruta uchomolewe siku ya makabidhiano, na kijana apewe sensa za kusoma tu. Viyoyozi vya pembeni nitaulizia hiyo kadi.

Kuhusu vali, nimetoka kupanda ngazi na tochi sasa hivi. Kwenye feni koili nane nilizofungua dari, tano zina vali za kuzungusha kwa mkono. Hazina mota.

FundiKompresa
Vali isiyo na mota haisikii kidhibiti chochote. Fungua na dari zilizobaki, kisha urudi na idadi kamili. Usisaini kitu kabla ya hapo.