Tupeane uzoefu: watu mliosafiri nao kwa meli ya Liemba au treni, mnawasiliana mpaka leo?

Mwanzisha mada (Mwanga, Kigoma)

Habari za jioni ndugu zangu. Jana asubuhi nilipigiwa simu niende mwaloni Ujiji, kuna mzigo wangu umeshuka na boti. Nikakuta kiroba cha migebuka mikavu, mdomo umeshonwa kwa uzi wa nyavu, na ubavuni kimeandikwa kwa wino mzito: KAKA WA MKEKA, KIGOMA. Hakuna jina lingine wala namba ya simu, na mzigo umefika.

Aliyeutuma yuko Kirando. Tulikutana Liemba mwaka 2011, daraja la tatu, mimi naenda Kasanga, yeye anarudi kwao. Walioijua safari ile ya Ziwa Tanganyika wanakumbuka: mlikuwa mnaondoka Kigoma Jumatano jioni, Mpulungu kule Zambia mnaingia Ijumaa asubuhi, na hapo katikati mnalala melini mara mbili, kama kulala kupo. Yeye hakuwa na kitu cha kutandika, mimi nilikuwa na mkeka. Tukapeana zamu, mmoja analala, mwingine anaangalia mizigo ya wote wawili.

Safari ile nilirudi na namba tisa za simu za watu tuliokaa pamoja. Imebaki hiyo moja. Nimejiuliza sana kwa nini, na nadhani ni kwa sababu yule tuliachiana kazi. Wakati anashuka alinishika mkono akaniomba nikirudi Kigoma nimuulizie bei ya nyuzi za nyavu. Nikauliza, nikampigia. Akatuma hela, nikanunua, nikamkabidhi baharia safari iliyofuata. Tangu hapo hatujakosa sababu ya kupigiana. Wale wanane tuliagana kwa "tutatafutana", na hakuna aliyetafutwa.

Naomba tupeane uzoefu. Uliyesafiri naye mkashikana, mlifanyaje? Na aliyekupotea, alipoteaje?

Mama mfanyabiashara (Ujiji)

Umenigusa. Mimi nina mtoto wa Liemba, ngoja nieleze.

Nilianza kupeleka mawese na dagaa Mpulungu mwaka 2006. Wasioijua meli ile waelewe kwamba ziwa letu lina vijiji vingi na gati chache. Meli ilikuwa inasimama mbali na ufuko, inapiga honi, halafu unaona mitumbwi inakuja mbio kugombania ubavu wake. Pale ubavuni kulikuwa na mlango, na kila kitu kilipita hapo: magunia, kuku, mananasi, wagonjwa, bibi harusi.

Mwaka 2009, Karema, saa nane za usiku, ziwa limechafuka. Nilikuwa karibu na mlango nahesabu madumu yangu. Mama mmoja chini kwenye mtumbwi akamnyanyua mtoto wa miezi kama mitano, akaniambia, "Dada, nipokelee." Nikapokea. Kabla hajashika ukingo, wimbi likausukuma mtumbwi wake, mwingine ukaingia, na mwingine, akawa nyuma kabisa gizani. Mimi nimebaki na mtoto wa watu kifuani, kafungwa kanga iliyolowa, na sauti ya mama yake inakuja juu ya kelele zote: "Dada usitoke hapo! Usitoke!"

Sikutoka. Madumu yangu mawili yalibebwa nikiyaona, sikutoka. Ilipita karibu nusu saa ndipo akavutwa ndani. Hakusema neno. Alikaa chini miguuni pangu, akamnyonyesha mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanishika kifundo cha mguu. Hakukiachia mpaka mtoto aliposinzia.

Hakuwa na simu. Alinipa namba ya mwenye duka wa kijijini kwao. Na mimi, kwenye daftari langu la mizigo, sikuandika namba peke yake. Niliandika: mtoto wa mlangoni, Karema, duka lenye bati la bluu. Jamani, hilo ndilo limenisaidia, maana yule mwenye duka alibadilisha namba mara mbili, na mara zote nilimwagiza mtu yeyote anayeshuka Karema aende kwenye bati la bluu akaniletee mpya. Kwa miaka mitatu nilikuwa napiga dukani, anatumwa kijana kumwita mama, nakata, nasubiri robo saa, napiga tena. Vocha iliisha kwelikweli na sijutii.

Huyo mtoto siku hizi anasoma sekondari Tabora. Likizo anashuka na treni hapa, anakaa kwangu siku tatu nne, ndiyo anaenda kwao. Ananiita Mama Mkubwa.

Mpulungu nako nina mtu wangu, mwanamke aliyekuwa ananipangishia sehemu ya kuweka mzigo. Namwita Bamayo, kwao ni heshima ya mama, naye ananiita Mama Kigoma. Mwishoni mwa 2012 alinipigia makusudi, akaniambia nisikae na kwacha ndani, mwezi Januari serikali yao inafuta sifuri tatu. Nilikuwa na mtaji wa safari mbili umefungwa kitambaani chini ya godoro, na huku Ujiji hakuna aliyekuwa amenieleza. Nilizipeleka safari iliyofuata, akanisindikiza mwenyewe kuzibadilisha, na kila elfu moja ya zamani ikawa kwacha moja mpya. Mtu mliyejuana kwa kugombania kivuli bandarini!

Mdau wa Kasulu

Mama Mkubwa, na yale madumu mawili uliyapata?

Mama mfanyabiashara (Ujiji)

Moja lilionekana tulipofika Kipili, baharia alilitambua kwa kitambaa chekundu nilichofunga kwenye mkono wa dumu. La pili lilikwenda. Halikuniuma.

Mdau wa Kasulu

Basi na mimi niseme ukweli wangu. Tulifungua kundi la WhatsApp tukiwa bado melini, pale mtandao unaposhika karibu na vijiji. Wiki ya kwanza ni picha na "tumefika salama". Wiki ya tatu mtu akaanza kutangaza mikopo, mwingine dawa za nguvu za kiume. Watu wakatoka mmoja mmoja, na mimi nikatoka. Mwanzisha mada amesema kweli, kundi halikuwa na kazi ya kufanya. Kuna binti mmoja mle, muuguzi, alimsaidia mke wangu alipotapika usiku kucha, akamshika kichwa, akamlazimisha kunywa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Namba yake ilikuwa mle kwenye kundi na sikuihifadhi pembeni. Hilo linanisumbua mpaka leo.

Mfuga nyuki (Tabora)

Mimi langu ni la treni, na ni refu kidogo, mnivumilie.

Mwaka 2004 natoka Dar kuja Urambo. Katika behewa la mgahawa nilikaa meza moja na mzee wa Kisukuma, amevaa koti la kijivu, anaenda Mwanza. Tulianza kuongea baada ya Dodoma hatukunyamaza. Alitaka kufuga nyuki kwao lakini alikuwa hajui aanzie wapi. Mimi ni wa Tabora, asali tumezaliwa nayo, nikamwelekeza: usitumie mzinga wa gome, ukiuvua mti gome lote unaukausha, na nyuki wako wataishi wapi? Tengeneza wa mbao. Nikamchorea vipimo nyuma ya karatasi ya chai.

Sasa Tabora ndipo treni inapogawanywa. Mabehewa ya Mwanza yanakatwa, ya Kigoma yanabaki, ya Mpanda nayo yanapangwa. Alikuwa amekwishaniandikia namba yake daftarini, nikamwambia namletea karanga tuagane vizuri. Nilishuka, nikanunua, nikageuka, behewa lake limeshavutwa. Nilizila karanga zile peke yangu mpaka Urambo.

Nikasema nitampigia. Simu sikuwa nayo wakati ule, ilikuwa ya kuazima. Nilipopata yangu mambo yakawa mengi. Unajua ilivyo, ukichelewa mwaka mmoja unaona aibu kupiga, na aibu nayo inazaa mwaka mwingine. Mwaka 2012 nikalifungua daftari, nikapiga. Namba haipo. Ilikuwa inaanza na 0744. Kijana wa kibanda cha simu ndiye aliyeniambia, "Mzee, hizo 0744 siku nyingi zimekuwa 0754. Badilisha hapo mbele tu, zilizobaki ziache kama zilivyo."

Nikabadilisha. Ikaita. Akapokea mwanamke. Nikajitambulisha kwa shida, nimesafiri na mzee fulani wa koti la kijivu, 2004. Akasema, "Wewe ni yule wa mizinga?"

Mzee alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Yule binti yake hakuizima laini. Alikuwa anaiwekea vocha kila mwezi na kupiga japo simu moja, kwa sababu laini ikikaa bila kutumika inafungwa na namba anapewa mtu mwingine. Alisema baba alikuwa na watu wengi njiani, na hakutaka wapige wakute mgeni. Baadaye, ilipofika usajili wa alama za vidole, akahangaika mpaka laini ikaingia jina lake. Kwao kuna mizinga kumi na minne ya mbao, na karatasi yangu ya chai iko ndani ya Biblia ya mzee.

Tunawasiliana kila msimu wa kurina. Lakini miaka ile minane hairudi. Namba ilikuwa daftarini kwangu muda wote huo.

Dada wa Kibirizi

Ya kwangu haikuwa safari ya starehe, lakini ilikuwa Liemba, kwa hiyo naomba niiweke hapa.

Mei 2015 Warundi walikimbilia Kagunga, kijiji cha mpakani, kwa maelfu. Anayepajua Kagunga anajua kwamba wakati ule hapakuwa na barabara, ni ufukwe mwembamba na mlima umekuja mpaka mgongoni. Njia ilikuwa maji tu. Kipindupindu kikaingia. Liemba ikawa inakwenda kuwachukua, watu kama mia sita kwa safari, inasimama mbali, wanapelekwa kwa boti za wavuvi mpaka pale pale kwenye mlango anaousema Mama Mkubwa. Nilikuwa nagawa maji kwa kujitolea.

Kuna mwanamke, mwalimu, ana watoto wanne. Kiha na Kirundi ni ndugu, tulisikilizana bila mkalimani. Hakuniomba maji. Aliniomba niandike majina ya watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa, ili akianguka yeye, kuwe na mtu anayejua kwamba ni wanne na ni wa mama mmoja. Sikuwa na karatasi, nikapasua boksi la biskuti nikaandika. Kigoma tuliteremka, wakapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Hatukuagana.

Kipande cha boksi nilikaa nacho. Kila aliyekuwa anakwenda Kasulu nilimpa majina manne, la mama sikuwa nalo. Septemba nilipata jibu kupitia mama wa Makere anayeuza mboga karibu na kambi. Alikuwa amemsikia mwanamke akiita watoto wake kwa mpangilio uleule niliomtajia! Wote wanne wapo.

Amesharudi kwao. Kila Jumapili alfajiri naamka nakuta ujumbe wa sauti kutoka namba ya 257. Haandiki, anasema sauti ndiyo inayomwonyesha kama mtu ni mzima. Na mimi sijibu kwa maandishi.

Mdau wa Kasulu

Dada wa Kibirizi, nimesoma mara mbili. Kesho naanzia hospitali hapa, nauliza kama kuna anayemjua muuguzi aliyesafiri Liemba, dada mwenye pengo la mbele, anayecheka sana. Nitaanza na hilo hilo nililonalo.

Mfuga nyuki (Tabora)

Anza nalo. Na ukipata namba andika pembeni mlikutana wapi na lini. Mimi jina la yule mzee nililijua kwa binti yake.

Mwanzisha mada (Mwanga, Kigoma)

Ndugu zangu, mmenifanya nisilale. Usiku huu nimetoa daftari la 2011, nimepiga zote nane.

Tatu hazipatikani. Mbili wamepokea watu wengine kabisa, mmoja yuko Songea hajawahi kuliona ziwa. Mbili zimeita mpaka zikakata, nimeacha ujumbe: mimi ni wa Liemba, mkeka, daraja la tatu, tulikaa upande wa jikoni.

Ya nane imepokelewa na mwanaume, sauti ya usingizi. Nikamtajia jina langu, kimya. Nikamwambia Kigoma, kimya. Nikasema Liemba, 2011, ulishukia Kalya na baiskeli imefungwa magunia. Akakaa, kisha akauliza taratibu, "Ni wewe wa mkeka, au yule mwenzako?"

Tumeongea mpaka salio likaisha, akanipigia yeye. Bado ana baiskeli ile ile. Anataka kujua bei ya tairi la nyuma hapa mjini, na kama kuna boti inayoshuka kwao Jumamosi. Alfajiri naenda sokoni kuuliza.